Cha Bure Kisiende Bure

Mtu anayetoka Same mjini kwenda Mamba Myamba, huko katika Milima ya Upare, hapimi safari yake kwa kilomita. Kwanza huuliza kama mvua imenyesha. Swali hilo kompyuta haijui kuliuliza, nalo ndilo linalotufanya tuandike leo juu ya programu za kupanga njia.

Programu hizo zipo, na baadhi yake hazina bei. OSRM, kwa mfano, huwekwa katika kompyuta ya kawaida ya mezani, ikapewa ramani ya Tanzania nzima kutoka OpenStreetMap, ramani iliyoanzishwa Uingereza mwaka 2004 na inayochorwa na watu wanaojitolea. Baada ya hapo hujibu hata pasipo intaneti. Maandishi yake ya ndani yako wazi, na fundi wetu ana ruhusa ya kuyabadilisha. Kwa ofisi ya wilaya yenye jukumu la kusambaza dawa vijijini, hii si zawadi ndogo.

Lakini kuiweka programu ni mwanzo tu wa kazi. Kwa kanuni inazokuja nazo, OSRM huweza kukadiria kwamba gari hupita njia ya udongo kwa mwendo wa kilomita 40 kwa saa, na mwinuko wa mlima haiutazami. Dereva aliyezoea kupanda kuelekea Chome, chini ya kilele cha Shengena, atacheka. Mgonjwa anayeisubiri gari hatacheka. Tena milima hiyo hubadilika kwa usiku mmoja: Novemba 2009 maporomoko ya udongo wilayani Same yaliua watu wapatao 20.

Sisi wa visiwani tusidhani kuwa hayo ni ya bara peke yake. Programu hiyo hiyo huiona njia ya meli kama mstari uliochorwa baharini. Haina habari ya siku ambayo mkondo wa Nungwi umechafuka. Wala hatuwezi kusema kuwa ujuzi hatuna. Tangu mwaka 2016 Kamisheni ya Ardhi ya Zanzibar, ikishirikiana na vijana wa Chuo Kikuu cha Taifa, SUZA, ilipiga picha za visiwa vyetu kwa ndege zisizo na rubani ili kuchora ramani.

Kwa hiyo yafaa wakuu wa ofisi za Serikali wasiishie kuagiza programu iwekwe, kisha wakaamini kila inachosema. Bara, TARURA imekabidhiwa barabara za vijijini tangu mwaka 2017. Wahandisi wake, watendaji wa vijiji na madereva wanajua ni njia ipi hufungwa wakati wa masika. Visiwani masheha na manahodha wanajua yao. Hatuna budi kumteua mtumishi mmoja katika kila wilaya, aukusanye ujuzi huo, autie katika ramani, na arekebishe mwendo unaokadiriwa kwa kuulinganisha na safari zilizokwisha kufanywa. Pasipo hayo, kompyuta itaipangia gari ya dawa njia ambayo kila mwanakijiji anajua kuwa haipitiki.