Kiti cha Meno Kiwekwe Wapi Djugu?

Kifungu cha 204 cha Katiba ya mwaka 2006 kinaweka mpango wa huduma za msingi za afya mikononi mwa jimbo. Kwa hiyo atakayeamua mtu wa Djugu atibiwe jino wapi yuko Bunia, makao ya jimbo letu la Ituri. Hapo sina ugomvi. Ugomvi wangu unaanza pale tunapodhani kwamba, kwa kuwa uamuzi uko Bunia, kiti cha meno nacho kikae Bunia. Wenzangu wanaotetea wazo hilo wana hoja inayojulikana: vifaa ni ghali, umeme ni wa shida, daktari wa meno ni wa kutafutwa kwa tochi, basi kila kitu kikusanywe mahali pamoja na wagonjwa waje.

Waje kwa njia gani? Djugu umbali haupimwi kwa kilomita. Tangu vita viliporudi mwishoni mwa 2017, msafiri huuliza kwanza barabara inapita vijiji vya nani, vizuizi viko vingapi, na kama gari la jana lilifika. Mwenye jeraha la risasi atabebwa hata usiku. Lakini nani atahatarisha roho kwa ajili ya jino? Husubiri. Hutia karafuu, husukutua kwa maji ya chumvi, hununua vidonge viwili vitatu sokoni. Siku anapopata ujasiri wa kusafiri, shavu limeshavimba na tundu dogo limekuwa jipu.

Wapo wanaosema kiti kiwe katika hospitali kuu ya rufaa ya kila zoni ya afya: Drodro, Fataki, Rethy, Mongbwalu na nyingine. Ni afadhali kuliko Bunia, ila bado haitoshi. Machi 2024 watu wenye silaha waliingia hospitali ya Drodro na kumuua mgonjwa kitandani mwake. Kwetu, kabla mtu hajauliza hospitali ina dawa gani, anauliza iko upande wa nani.

Mimi naona huduma ya kwanza ya meno iwekwe katika vituo vya afya vilivyo karibu na masoko ambayo pande zote bado zinayafikia, kama pale Iga-Barrière kwenye barabara ya kitaifa namba 27, na itolewe siku ya soko. Siku hiyo watu wanatembea kwa wingi, na mgonjwa hahitaji kumweleza mtu kwa nini amepita njia ile. Soko likihama kwa sababu ya usalama, sanduku la vifaa lihame nalo.

Ndiyo, sanduku. Jirani zetu wa Tanzania walionyesha njia katikati ya miaka ya 1980, ilipojaribiwa mbinu ya kukwangua sehemu iliyooza kwa vifaa vya mkono tu na kuziba tundu kwa saruji ya glasi-ionoma. Haihitaji mashine wala umeme. Saruji hiyo, pamoja na dawa ya meno yenye floraidi, iliingizwa mwaka 2021 katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani. Muuguzi aliyefundishwa vizuri, mwenye chombo cha kuchemshia vifaa na maji safi, anaweza kuifanya kazi hiyo. Taya lililovunjika na jino linalohitaji kutibiwa mzizi vibaki kwa daktari hospitalini.

Muuguzi wa karibu ataona mapema pia kidonda cha ufizi kwa mtoto mwenye utapiamlo, na watoto wa namna hiyo hawakosekani katika kambi kama Plaine Savo na Rhoe. Noma, ugonjwa unaokula uso wa mtoto, huanza na kidonda kama hicho, na ukiwahiwa antibiotiki huuzuia. Uliingizwa katika orodha ya magonjwa ya kitropiki yaliyosahaulika Desemba 2023 tu.

Sasa nije kwenye upande wetu sisi wa lugha. Uamuzi wa kuziba au kung'oa jino hutegemea sana maneno ya mgonjwa. Maumivu yanayoshtua kwa maji baridi kisha yakapita, mara nyingi jino bado laweza kuzibwa. Maumivu yanayokuja yenyewe, yakagonga usiku kucha, huonyesha kwamba kiini kimeshaharibika. Bibi anayetofautisha hayo vizuri kabisa kwa Kilendu, akifikishwa mbele ya munganga anayejua Kifaransa na Kiswahili cha mjini, atabaki na neno moja: "linauma." Nimewahi kukaa kati ya watu wawili wa namna hiyo kama mkalimani, na najua jinsi "linauma" linavyoishia kwenye koleo. (Aliyeng'olewa meno ya mbele amepoteza na sauti zake: mwambieni atamke *thelathini*.)

Na hapa Djugu ina bahati ambayo haisemwi. Darasani tunafundishwa kwamba Kilendu ni cha jamii ya Sudani ya Kati, na kwamba Kihema cha Irumu ni cha Kibantu. Lakini Wahema wa kaskazini, wa hukuhuku Djugu, wanaongea Kilendu vilevile. Watu wanaoogopana barabarani wanaeleza maumivu ya jino kwa lugha ileile. Muuguzi mmoja anayeijua, katika kituo kisichohesabiwa kuwa cha upande wowote, anawasikia wote wawili. Hospitali ya Bunia yenye mashine bora haiwezi kujisifu hivyo ikiwa mezani hakuna anayeelewa.

Jimbo likipanga vituo, basi liulize mambo mawili ambayo fomu za afya haziulizi: mgonjwa atapita wapi, na ataeleza kwa lugha gani. La pili tunaweza kulisaidia sisi. Kitivo kina wanafunzi wa Kilendu, Kialur, Kihema na Kiswahili cha Bunia. Karatasi moja ya maneno ya maumivu ya kinywa kwa lugha hizo nne, iliyohakikiwa na wazee wanaozungumza na muuguzi mmoja, ni kazi ya muhula mmoja. Nimeanza na Kilendu: nina maneno kumi na moja, na matatu kati yake wazee bado wanayabishania.