Januari 2028: Madarasa Mawili kwenye Mlango Mmoja

Mzazi wa Babati akiulizwa habari za shule atakuambia mengi. Atakuambia siku ya kufungua Januari, atakuambia bei ya sare katika maduka ya mjini, atakuambia ya mtihani wa darasa la saba ufanywao kila Septemba na ule wa darasa la nne ufuatao Oktoba; na akiwa mtu asiyeogopa kusema, atakuambia pia ya michango. Lakini iko habari moja iliyo kubwa kuliko hizo zote, nayo imekwisha tangazwa waziwazi, ambayo twachelea kuwa imewapita watu masikioni kama upepo upitao juu ya Ziwa Babati bila kutikisa hata unyasi. Habari hiyo ni ya Januari 2028.

Maelezo yake ni haya. Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 2014, Toleo la 2023, iliyozinduliwa na Rais Samia Suluhu Hassan mjini Dodoma tarehe 1 Februari 2025, imeagiza kwamba elimu ya lazima iwe ya miaka 10: sita katika shule ya msingi na minne katika sekondari. Darasa la saba, basi, litaondoka. Walakini darasa haliondoki kwa kupigiwa kengele. Mitaala mipya ilianza kufundishwa Januari 2024, na watoto waliokuwa darasa la tatu mwaka huo, yaani wale walioandikishwa darasa la kwanza mwaka 2022, ndio watakaokuwa wa kwanza kumalizia darasa la sita. Watamaliza 2027. Kaka na dada zao walioandikishwa 2021 wanafuata utaratibu wa zamani wa miaka saba. Nao watamaliza lini? Mwaka ule ule wa 2027. Kwa mpango uliotangazwa, basi, Januari 2028 makundi mawili ya watoto yatabisha hodi kwa pamoja katika mlango mmoja wa kidato cha kwanza.

Tufanye hesabu ya mezani isiyohitaji mtaalamu. Chukua shule ya sekondari ya kata, iwe ya Bagara, ya Nangara, ya Bonga au ya Sigino, na useme kwamba kila Januari hupokea watoto 180, ikawaweka katika vyumba vinne, watoto 45 kila chumba. Januari 2028 shule hiyo itapokea 360 na kutaka vyumba vinane. Na hapo bado hatujasema yote. Mwaka 2023 na mwaka 2024 waliofaulu mtihani wa darasa la saba katika nchi nzima walikuwa asilimia 80 na ushei. Mtoto mmoja katika kila watano alibaki nyuma. Ikiwa elimu ya miaka 10 ni ya lazima kwa maana halisi ya neno hilo, huyo wa tano naye hana budi kutafutiwa kiti. Wala shida haikomi mwezi huo. Watoto hao hao watakuwa kidato cha pili 2029, cha tatu 2030, na cha nne 2031. Na kila waendako watataka vyumba, vitabu, maabara, vyoo na mwalimu wa hisabati.

Wako watakaosema kwamba jambo hili ni geni na kwamba wakubwa wamelikurupukia. Si kweli. Nchi hii ilikwisha liondoa darasa la nane katika miaka ya 1960, na wazee waliosoma siku hizo wanakumbuka jinsi safari ya mwanafunzi ilivyofupishwa. Kisha likaja Azimio la Musoma la Novemba 1974, ambapo TANU iliagiza kwamba kufikia Novemba 1977 kila mtoto wa umri wa shule awe darasani. Watoto wakaja, na vijiji vikajenga. Walimu walikuwa wachache, ikabidi vijana waliomaliza darasa la saba wafundwe upesi ili wawafundishe wadogo zao. Ndio hao waliopewa jina la walimu wa UPE, na wengine walikuwa hodari kuliko jina lao. Baadaye, tangu 2004, ukaja mpango wa kuendeleza sekondari, na kata kwa kata wananchi wakabeba mawe na mchanga. Shule zikasimama. Walimu wakaletwa waliopata mafunzo ya muda mfupi sana, na watu, ambao hawakosi utani hata katika msiba, wakawaita "voda fasta".

Mara ya karibuni kabisa ni mwishoni mwa 2021, wakati mkopo wa shilingi trilioni 1.3 uliotolewa kwa ajili ya UVIKO-19 ulipotumiwa kujengea, pamoja na mengine, vyumba 12,000 vya sekondari katika nchi nzima kwa miezi michache. Na mwaka uliofuata vikaongezwa 8,000. Tulipata kusikia watu wakisema haiwezekani, na ikawezekana. Sisi hatumlaumu aliyejenga. Twasema tu kwamba kila mara jengo limetangulia na mwalimu akafuata nyuma akihema. Na safari hii mwalimu asipotangulia, au angalau asipofika siku moja na jengo, vyumba vinane vitakuwa na walimu wa vyumba vinne, na mtoto atahesabiwa kuwa yumo shuleni huku hakuna anayemfundisha.

Hapa twataka kukaa kidogo, maana iko fedha ambayo haijaonwa na watu. Asubuhi ile ile ya Januari 2028 ambapo sekondari zitafurika, kila shule ya msingi ya serikali katika Mji wa Babati itakuwa haina darasa la saba. Vyumba vya darasa hilo vitakuwa wazi. Walimu wake watakuwa na vipindi vichache. Je, nani anayevihesabu vyumba hivyo? Mahali ambapo shule ya msingi na ya sekondari hazitengani sana, kwa nini mkondo mmoja au miwili ya kidato cha kwanza isisomee katika vyumba hivyo, chini ya mkuu wa sekondari, mpaka majengo yakamilike? Tena katika walimu wetu wa msingi wako wenye stashahada, wako wenye shahada, waliojisomea kwa fedha zao na wangali wanafundisha darasa la nne. Mwenye shahada ya Kiswahili au ya jiografia hashindwi na kidato cha kwanza. Yafaa Halmashauri iwatafute sasa kwa majina, iwafanyie semina, iwaandae. Jambo dogo tu la kuangalia: dawati la shule ya msingi halimfai kijana wa miaka kumi na mitatu, na sekondari hutumia viti na meza. Seremala wa Babati wapo, kazi hiyo wanaiweza. Bali seremala naye hutaka kuambiwa mapema, na kulipwa.

Tutoke shuleni twende nyumbani. Iko nyumba yenye mtoto wa darasa la kwanza wa 2021 na mdogo wake wa 2022. Na katika mji kama wetu nyumba za namna hiyo hazikosekani. Baba na mama hao walizoea kuona watoto wakipishana mwaka: mkubwa akanunuliwa sare mpya, mdogo akangoja zamu yake, akarithi daftari lisilojaa na sweta lililobana. Mwaka 2028 hakuna kurithi. Ni sare mbili za sekondari, jozi mbili za viatu vyeusi, mabegi mawili, madaftari mara mbili, kwa mwezi mmoja. Na Januari, kama kila mkulima ajuavyo, ni mwezi ambao ghala limepungua na shamba linadai palizi.

Wengi wa wazazi wetu hutegemea mahindi na mbaazi. Mbaazi ni zao la kushukuru lakini si la kuegemea kwa kichwa kizima. Mwaka 2017 India ilipoweka kikomo cha mbaazi itakazonunua kutoka nje, bei ilianguka Babati kama jiwe kisimani, na watu wakabaki wakitazama magunia. Waliosoma habari za Yusufu wa Misri, wawe wamezisoma katika Biblia au katika Kurani, wanajua alichofanya katika miaka ya neema kabla njaa haijafika. Hatusemi mzazi ajenge ghala la Farao. Twasema kwamba katika mavuno yaliyosalia kabla ya mwisho wa 2027 magunia machache yatengwe kwa jina la mtoto, na mahali penye vikundi vya kuweka na kukopa wazazi wa madarasa hayo mawili waanze mfuko wao, ili Januari isiwakute wakibisha kwa mkopeshaji wa riba.

Juu ya michango hatuna budi kusema bila kumung'unya maneno, kwa kuwa fujo yote huanzia hapo. Ada iliondolewa katika shule za serikali tangu Januari 2016, kuanzia awali mpaka kidato cha nne, na mwaka 2022 ikaondolewa kidato cha tano na cha sita. Serikali haikusema kwamba mzazi hana wajibu tena: sare, madaftari na chakula cha mtoto ni vyake. Kadhalika haikumpa mwalimu ruhusa ya kumrudisha mtoto nyumbani kwa sababu ya mchango. Uji na makande ya mchana ni mambo ya wazazi kukubaliana katika mkutano, na makubaliano yakaandikwa, na fedha au debe la mahindi likatolewa stakabadhi. Twajua ya kwamba 2028 itakapokaribia watatokea watu watakaolitumia jina la madarasa mawili kukusanya fedha zisizo na kitabu. Mzazi na aulize: mkutano ulikaa lini, na nani aliidhinisha? Akijibiwa kwa ukali, na aulize tena kwa upole.

Liko neno jingine, nalo linatutia wasiwasi kuliko vyumba. Mtoto anayemaliza darasa la sita atakuwa na umri wa miaka 12 hivi. Sekondari nyingi ziko mbali zaidi na nyumbani kuliko shule ya msingi; na kwa mtoto wa pembezoni mwa Mutuka au Bonga, njia ni ya kuamkia gizani na kurudia gizani. Katika sehemu nyingi za nchi wazazi wamelitatua hilo kwa kuwapangishia watoto vyumba karibu na shule, ambamo binti hujipikia, hujilala peke yake, na hukutana na watu ambao mama yake hawajui. Ikiwa binti wa miaka 14 hakuwa salama katika chumba hicho, wa miaka 12 je? Mabweni hayawezi kujengwa kila mahali, hilo twalikubali. Lakini hosteli moja ndogo yenye mlezi mwanamke anayejulikana, katika kata yenye umbali mkubwa, yapaswa kutangulia ukuta wa ofisi na lango la shule, hata kama lango hupendeza zaidi siku ya ufunguzi.

Mji nao haukai mahali pamoja. Tangu barabara ya lami ya Dodoma hadi Babati ilipofunguliwa Aprili 2018, ikaungana na ile ya kwenda Arusha na ya kwenda Singida, watu wamezidi kuhamia, na huja na watoto wao. Kwa hiyo anayetegemea hesabu ya walioandikishwa 2021 na 2022 peke yake atapungukiwa. Hesabu ifanywe upya kila mwaka, mtaa kwa mtaa.

Sasa kwa Chama. Kinachoshika serikali na baraza la madiwani hakina jirani wa kumsingizia. Mwaka wa fedha wa 2027/28 unaanza tarehe 1 Julai 2027, miezi sita tu kabla ya mlango kubishwa, na mapendekezo yake hujadiliwa na madiwani mwanzoni mwa mwaka huo. Fundi yeyote wa hapa atakuambia kwamba kazi ya msingi na kuta hufanywa kiangazi, kati ya Juni na Oktoba. Mvua za Novemba zikianza, lori la mchanga hukwama na saruji huharibika. Kiangazi cha 2027 kikipita bila kuta, hakuna kingine kilichosalia. Tawi la Chama katika kila kata lina haki, tena lina kazi, ya kumwita diwani wake na kumwuliza mambo matatu tu: kata yetu itakuwa na watoto wangapi wa kidato cha kwanza 2028, vyumba vingapi vya msingi vitabaki wazi, na walimu wangapi wameombwa kwa maandishi. Diwani asiyejua la kwanza hawezi kulijibu la pili.

Wala hatakiwi kwenda mbali kulitafuta jibu. Watoto hao si wa kubahatisha; majina yao yamo katika madaftari ya mahudhurio ya kila shule ya msingi ya Babati, madarasa mawili yakifuatana, na mwalimu mkuu anaweza kuyahesabu kabla ya kengele ya mapumziko ya saa nne.