Surua: Mgeni Asiyepiga Hodi

Juma hili twaitazama surua, ambayo wengine huiita ukambi, na namna inavyoingia mwilini.

Kirusi hakili, hakipumui, wala hakiwezi kuzaana peke yake. Ni maagizo ya urithi yaliyofungwa ndani ya protini na utando wa mafuta. Ili kiongezeke, sharti kiingie ndani ya seli na kuitumikisha.

Lakini seli haiko wazi kwa kila mpitaji. Utando wake huizunguka mithili ya ukuta, na juu ya utando huo mna protini ambazo mwili huzitumia kwa shughuli zake. Hizo ndizo kirusi huzigeuza kuwa vitasa. Chenyewe kina protini za aina mbili: ya kwanza hukishika kitasa, ya pili hubadili umbo, ikauchoma utando wa seli na kuuvuta mpaka tando mbili zikawa moja. Hapo maagizo ya kirusi hupenya ndani.

La kusikitisha ni kwamba kitasa cha kwanza kimo juu ya seli za kinga, walinzi wenyewe wa mwili. Kirusi huongezeka humo, kisha huingia seli za njia ya hewa kwa kitasa kingine, na kikohozi hukitawanya. Huweza kubaki hewani hadi saa 2 baada ya mgonjwa kuondoka chumbani. Na kwa kuwa seli zinazokumbuka maradhi ya zamani huangamia, mtoto aliyepona huweza kubaki dhaifu kwa miezi mingi.

Chanjo huufundisha mwili kutengeneza kingamwili. Hizo huing'ang'ania ile protini ya kwanza, na ufunguo uliofunikwa hauingii kitasani. Hapa Kenya hutolewa mtoto akiwa na miezi 9, kisha miezi 18. Dozi ya pili husahaulika kwa urahisi, kwani mtoto ameshatembea na anacheza. Ilhali katika watoto 100 waliochanjwa kwa miezi 9, takriban 15 hawapati kinga kwa dozi hiyo moja.

Basi akina mama, nanyi akina baba, tukifungueni kijitabu cha kliniki leo tutazame tarehe. Watoto ni amana mikononi mwetu. Tukutane juma lijalo, inshaallah.