LUGHA NA MALEZI: Nyumbani kwa Kilatini

Mwezi uliopita alitujia mama mmoja, mkazi wa hapa Uingereza, akiwa na daftari la Kilatini la bintiye wa miaka 12. Chini ya "domum sum" palipigwa mstari mwekundu. Mwalimu alikuwa amemshauri kwamba pengine Kiswahili cha nyumbani ndicho kinachomchanganya mtoto. Mama akatuuliza: je, tukiache?

Kilatini hubadili mwisho wa jina ili kuonyesha kazi yake katika sentensi. Wanasarufi huliita jambo hilo uhusika, na kwa kawaida huhesabu aina 6. "Canis" ni mbwa anayetenda. "Canem" ni mbwa anayetendwa. Hivyo "canis hominem mordet" na "hominem canis mordet" zote zasema mbwa anamwuma mtu. Sisi alama hizo huzitia katika kitenzi. Tukisema "kiti amekivunja mtoto", hakuna atakayekishuku kiti. Lakini mbwa na mtu wote huchukua a- na -m-, na hapo hatuna budi kutegemea mpangilio wa maneno. Mrumi hakuwa na shida hiyo. Kadhalika katika "matri librum emo", yaani namnunulia mama kitabu, Mrumi alibadili neno mama, nasi tumebadili kununua kuwa kununulia.

Turudi kwenye mstari mwekundu. Binti alikusudia kusema "nipo nyumbani". Kwetu ni nipo nyumbani, nakwenda nyumbani, natoka nyumbani: neno ni lilelile, na kitenzi ndicho kiamuacho. Kilatini kina maumbo matatu: "domi sum", nipo, "domum eo", nakwenda, "domo venio", natoka. Hiyo "domi" ni mabaki ya uhusika wa mahali, uliosalia katika majina ya miji na maneno machache.

Basi mwalimu hakukosa lote. Huenda kosa kweli lilitoka kwetu. Ila dawa yake nayo imo humo humo. Mtoto huyu amekwisha kuzoea neno linalobeba mahali katika mwisho wake, bila kuhitaji neno jingine mbele yake. Lililobaki ni kujiuliza swali moja kabla ya kuandika.

Tulimwambia mama asikiache. Tukamwomba amwulize bintiye kwa Kiswahili, sentensi baada ya sentensi: yupo, anakwenda, au anatoka? Binti alijibu, kisha akaandika. Zoezi zima likabaki na kosa moja, nalo lilikuwa kwenye "Romae", umbo ambalo mara humaanisha "mjini Roma" na mara "ya Roma". Hapo hata sisi tulisita, tukafungua kitabu.