Mto Mkavu na Gari la Moshi

Watu wa Lokori wanaujua vema mto Kerio. Mawingu yakikusanyika upande wa kusini, huko milimani kwa Watugen na Elgeyo, mchungaji mwenye akili halazi mbuzi wake mchangani, hata kama Lokori kwenyewe halijaanguka tone moja la mvua. Maji huja usiku kwa ghafula. Gari la moshi hawajapata kuliona kwao, maana reli haijafika huko. Lakini jambo hili la maji lingewafaa sana wasafiri wa reli mwezi wa Januari mwaka 1993.

Wakati huo gari la abiria la njia ya Nairobi na Mombasa lilifika Ngai Ndethya, karibu na Mtito Andei, mahali ambapo mvua kubwa ilikuwa imejaza mto na kuvunja daraja. Taa ya injini humulika reli. Haimuliki nguzo zilizochimbuliwa na maji chini yake. Tena gari zito namna ile, dereva akishika breki, huzidi kwenda mbele mwendo mrefu kabla ya kusimama. Injini na mabehewa yaliporomoka mtoni, na watu zaidi ya 100 wakafa.

Kwa sababu hiyo reli huhitaji watu wa kuikagua kwa miguu, hasa wakati wa mvua, na kupeleka habari stesheni kabla gari halijapewa ruhusa ya kupita. Ni kazi ya mshahara mdogo, wala abiria haioni, na kwa hiyo ni rahisi mno kuipunguza.

Sababu nyingine ni breki. Tarehe 24 Juni 2002, huko Igandu katika mkoa wa Dodoma, Tanzania, gari lililochukua abiria zaidi ya 1,000 lilikuwa mlimani breki ziliposhindwa kulizuia. Likarudi nyuma kwa kasi mpaka likagonga gari la mizigo. Watu 281 walikufa. Maiti wasiotambuliwa walizikwa pamoja Dodoma, hata leo kuna jamaa wasioweza kuonyesha kaburi la mtu wao.

Breki za gari la moshi hutumia nguvu ya hewa, na hewa huvuja kidogo kidogo gari likisimama bila injini kufanya kazi. Kwa hiyo gari lililoachwa mtelemkoni lazima lifungwe breki za mkono, behewa baada ya behewa. Nazo ni za kuchosha kweli kweli. Huko Lac-Mégantic, nchini Kanada, mwezi wa Julai 2013, breki za mkono zilizofungwa hazikutosha. Gari la mafuta lisilo na mtu ndani likatelemka usiku mpaka mjini, likawaka moto, na watu 47 wakafa.

Mpango mkubwa uliozinduliwa Lamu mwaka 2012 ulitaja reli ya kupita Turkana mpaka Sudan Kusini. Ikijengwa, itavuka makorongo mengi ya mchanga ambayo mgeni akiyatazama wakati wa kiangazi huyadhani ni barabara. Wahandisi watakuja na vipimo vyao. Wazee wa Lokori nao waweza kuwaonyesha, juu ya mashina ya miti ya kandokando ya Kerio, mahali maji yalipofika.