Mhadhara Usio na Posho

Wako watu ambao wakisikia kwamba idara fulani ya Chuo Kikuu imefanya mhadhara wa saa moja, kisha wahadhiri na wanafunzi wakakaa pamoja kunywa chai na kuzungumza hadi jua likazama, huuliza kwa uchungu: je, hiyo ndiyo kazi waliyotumwa na wananchi? Mkulima anayelipa kodi yuko shambani, na msomi aliyesomeshwa kwa kodi hiyo anapuliza kikombe cha chai. Swali hilo si la kupuuzwa, kwa kuwa jasho la mkulima si kitu cha kuchezea. Lakini wanaouliza hivyo wameishika lawama kwa upande usiokuwa wake. Kosa haliko katika chai ile wala katika mazungumzo yale. Kosa, ikiwa lipo, ni kwamba chai ile hunywewa na wachache mno, na mazungumzo yale hayafiki mbali.

Hapana budi kwanza kueleza jambo lenyewe. Katika idara za sayansi ya kompyuta za vyuo vikuu vingi duniani, ni desturi kutenga saa moja katika juma kwa ajili ya mhadhara ulio wazi. Mtu mmoja husimama akaeleza kazi anayoifanya, ikiwa imekamilika au bado ina mapengo. Wenzake humwuliza maswali. Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza ana ruhusa ya kumkosoa profesa, na profesa hana ruhusa ya kukasirika. Baada ya hapo huja chai au kahawa, na hapo ndipo yule aliyeona haya kuuliza mbele ya watu humsogelea msemaji akamweleza penye kasoro.

Desturi hiyo haikuzuka kwa anasa, bali imetokana na hali ya kazi yenyewe. Programu ya kompyuta ni mlolongo wa maagizo, na agizo moja lililokosewa laweza kuharibu hesabu ya mwaka mzima. Tena mtu aliyeiandika ndiye wa mwisho kuliona kosa lake, kwa sababu husoma alichokusudia kuandika, hasomi alichokiandika. Jicho la pili ndilo linaloona. Wahenga walikwisha kusema kwamba nyani haoni kundule, nao hawakuwa wameiona kompyuta hata moja. Mkutano wa kila juma ni njia ya kuyapata macho hayo mengine mapema, kabla kosa halijamfikia mwananchi.

Kiko kisa kimoja maarufu kutoka Chuo Kikuu cha Cambridge, Uingereza. Watafiti wa maabara ya kompyuta ya chuo hicho walikuwa na birika moja la kahawa katika chumba kimoja, na baadhi yao walifanya kazi mbali na chumba hicho. Mara kwa mara walitembea mwendo mrefu wakakuta birika tupu. Mwaka 1991 waliweka kamera ikilitazama birika, ikipeleka picha kwenye kompyuta zao, ili kila mmoja ajue iwapo kahawa ipo. Mwaka 1993 picha ile iliunganishwa na mtandao wa dunia, na watu wa nchi nyingi wakawa wanalitazama birika wasiloweza kunywa kahawa yake. Kamera ilizimwa mwaka 2001, lakini inakumbukwa kuwa ya kwanza ya aina yake. Wengi hukisimulia kisa hiki kwa kucheka. Yafaa pia kutazama kwamba wale watu walilithamini birika kwa sababu lilikuwa ni mahali pao pa kukutana, na kwamba uvumbuzi wao haukuzaliwa katika kikao chenye ajenda na mwenyekiti, bali kando ya kikombe.

Tanzania nayo ina kisa chake, nacho si cha kuchekesha. Serikali ilipata kompyuta yake ya kwanza mwaka 1965, ikawekwa katika Wizara ya Fedha. Miaka tisa baadaye, mwaka 1974, uingizaji wa kompyuta nchini ulipigwa marufuku, baada ya kazi ya kuendesha hesabu za Serikali kwa mashine hizo kuharibika na kuleta hasara. Wapo wanaoicheka marufuku ile leo kana kwamba ilikuwa ni woga wa maendeleo. Kicheko hicho hakina haki. Nchi ilikuwa imenunua mashine, lakini haikuwa na umma wa watu wenye kuzielewa, kuzihoji na kuzisahihisha. Wataalamu walikuwa wachache, wengi wao wageni, na ujuzi ukakaa ndani ya vichwa vyao na ndani ya mikataba. Taifa lililonunua chombo likakosa mazungumzo juu ya chombo hicho halikuwa na njia nyingine ila kukiweka chini.

Leo kompyuta haiwezi tena kuwekwa chini. Mtumishi wa umma huomba likizo na uhamisho kwa njia ya mtandao. Utendaji wake hupimwa kwa mfumo uitwao PEPMIS. Zabuni za Serikali hupita katika mfumo wa NeST. Mamlaka ya Serikali Mtandao imeundwa kwa sheria ya mwaka 2019 ili kusimamia mambo hayo yote. Kwa hiyo yule aliyeuliza kwa uchungu habari ya chai ya wasomi anapaswa kuuliza swali jingine lililo zito zaidi: mifumo inayoamua mambo ya mtumishi huzungumzwa wapi, na nani, na kwa lugha gani?

Fikirini juu ya mwalimu aliyepangiwa kazi katika kata ya Kituntu, wilayani Karagwe. Yuko katika nchi ya vilima, migomba na kahawa, zaidi ya kilomita elfu moja kutoka Ndaki ya Teknolojia ya Habari na Mawasiliano ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, iliyoko Kijitonyama. Anatakiwa kuingiza alama za wanafunzi katika mfumo, na pengine kufundisha somo la kompyuta kwa darasa lenye mashine chache kuliko vidole vya mkono mmoja. Mfumo ukikataa kupokea alama, huambiwa kwamba mtandao unasumbua. Hajui kama ni mtandao, au ni umeme, au ni kosa la yule aliyeandika maagizo, wala hana wa kumwuliza. Na yule aliyeandika maagizo hajui kama kuna mahali paitwapo Kituntu. Ujuzi uko upande mmoja na tatizo liko upande mwingine, na katikati hakuna baraza.

Hali hiyo ni ya kusikitisha zaidi kwa kuwa Karagwe si mahali pageni kwa baraza. Mwaka 1861, wasafiri wa Kiingereza Speke na Grant walipofika Bweranyange, Mukama Rumanyika aliwapokea kwa ukarimu, akakaa nao siku nyingi akiwahoji juu ya mambo ya nchi zao. Mtawala yule hakuona aibu kuuliza asilolijua. Na hadi leo katika mkoa wa Kagera mgeni hukaribishwa kwa buni zilizochemshwa na kukaushwa, ambazo hutafunwa wakati maneno yakiendelea. Kahawa hiyo hutangulia mazungumzo na kuyafungua. Watu wa Cambridge waliligundua jambo hilo kwa birika. Watu wa Karagwe walilijua kwa kiganja cha mkono. Iwapo wako Watanzania wasiohitaji kufundishwa faida ya kukaa pamoja na kuulizana, ni wenyeji wa vilima hivyo.

Ni kitu gani basi kinachozuia? Yapo mambo mawili, na yote mawili wasomaji wa ukurasa huu wanayafahamu vizuri.

La kwanza ni ugonjwa wa posho. Katika ofisi nyingi neno semina limepoteza maana yake ya elimu, likapata maana ya bahasha. Mtumishi huuliza kwanza kiasi cha posho, kisha mahali, na mwisho kabisa, kama atakumbuka, huuliza mada. Husaini mahudhurio asubuhi, husinzia mchana, na jioni hurudi nyumbani akiwa na kalamu mpya na daftari lisiloandikwa kitu. Mhadhara wa idara ya kompyuta ni kinyume cha hayo yote. Hakuna anayelipwa kuhudhuria. Anayekuja amekuja kwa kuwa anataka kujua, na kinachomngoja ni kikombe cha chai tu. Kwa sababu hiyo maswali yake ni ya kweli. Kama lipo jambo moja ambalo utumishi wa umma ungepaswa kujifunza kutoka vyuo vikuu, ni hilo la kukutana pasipo kulipana.

La pili ni kasumba ya lugha. Mhadhara ukifanywa kwa Kiingereza peke yake, na maswali yakiulizwa kwa Kiingereza peke yake, basi mlango umefungwa hata kama uko wazi. Husemwa kwamba sayansi ya kompyuta haiwezi kuzungumzwa kwa Kiswahili. Madai hayo yalikwisha kujibiwa kwa vitendo. Mwaka 2004 Idara ya Sayansi ya Kompyuta ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kwa kushirikiana na wataalamu kutoka Sweden, ilitoa Jambo OpenOffice, programu ya kazi za ofisi iliyotafsiriwa kwa Kiswahili. Kazi kama hiyo haiwezi kufanywa na mtu aliyejifungia peke yake. Fundi wa kompyuta lazima amweleze mtu wa lugha kila neno hufanya kazi gani, na mtu wa lugha lazima amwulize fundi hadi fundi mwenyewe aelewe alilokuwa akilisema. Huo ndio mhadhara na chai yake. Na Kiswahili, ambacho Shirika la UNESCO lilikitengea siku yake ya dunia, tarehe 7 Julai, kwa uamuzi wa mwaka 2021, hakiwezi kusherehekewa majukwaani huku kikifungiwa nje ya maabara.

Watakuwapo watakaosema kwamba hayo ni maneno mazuri, lakini mhadhiri hawezi kusafiri hadi kila kata, na mtandao wa kutazama mihadhara kwa mbali haupatikani kila mahali kwa nguvu ileile. Ni kweli. Lakini nchi hii iliwahi kukabili umbali mkubwa zaidi kwa vifaa vichache zaidi. Mwaka 1973 kampeni ya Mtu ni Afya iliwakusanya Watanzania wapatao milioni 2 katika vikundi vya kusomea. Kila kikundi kilisikiliza kipindi cha redio, kikasoma kijitabu, kikajadiliana, kisha kikaamua la kufanya: kuchimba vyoo, kufyeka nyasi, kuchemsha maji. Hapakuwa na kompyuta wala simu ya mkononi. Palikuwa na redio, kiongozi wa kikundi aliyefundishwa, na kivuli cha mti. Siri ya kampeni ile ilikuwa kwamba sauti ya redio haikuachwa iishie hewani; ilikabidhiwa kwa watu waliokaa pamoja ili waihoji.

Njia hiyo ingali wazi. Karagwe yenyewe ina redio ya jamii, FADECO, iliyoanza kutangaza mwaka 2007. Idara ya kompyuta ikirekodi mhadhara mmoja kwa mwezi kwa Kiswahili fasaha, juu ya jambo linalomgusa mtumishi na mkulima, kama vile namna ya kulinda nywila, namna fedha inavyosafiri kwa simu, au sababu ya mfumo kukataa taarifa, redio za namna hiyo zingeweza kuupeleka hadi Kituntu. Walimu wa shule jirani wangeusikiliza pamoja, wakaandika maswali yao, na maswali hayo yakarudi idarani kuwa mada ya mhadhara unaofuata. Gharama yake ni ndogo kuliko ya semina moja ya siku mbili hotelini.

Jambo hilo halitamnufaisha mwalimu peke yake. Mwanafunzi wa Kijitonyama atakayesoma swali lililotoka Kituntu atajifunza jambo ambalo hakuna kitabu cha ng'ambo kitakachomfundisha: kwamba mfumo wake utatumiwa na mtu mwenye simu moja, umeme wa kukatika, foleni ya wanafunzi mlangoni na saa moja tu kabla ya giza. Msomi asiyejua hayo ataandika maagizo sahihi kwa nchi isiyokuwa yake. Yaliyotokea mpaka ikafikiwa marufuku ya mwaka 1974 yatarudi, safari hii bila uwezo wa kupiga marufuku kitu chochote.

Kwa hiyo vyuo vikuu viendelee na mihadhara yao, na vinywe chai bila kuona haya, ila viongeze viti. Maofisa elimu wa wilaya wawape walimu saa moja katika juma ya kukutana na kuulizana, isiwe na posho wala mgeni rasmi. Wala walimu wenyewe wasingoje waraka. Walimu wanne, redio moja na sahani ya kahawa ya kutafuna vyatosha kuanzisha mhadhara Kituntu. Mukama Rumanyika hakuwa na zaidi ya hivyo alipowahoji wageni wake. Na redio hakuwa nayo.