Mali, Imani na Furaha ya Mgonjwa

Katika zahanati na vituo vya afya vya Musoma, Bunda na Butiama hufika watu ambao maumivu yao hayaonekani kwa hadubini: mvuvi ambaye ziwa halimlipi tena, mchimbaji mdogo wa dhahabu aliyechoka kungoja bahati, mama asiyepata usingizi. Mara nyingi huambiwa mojawapo ya mambo mawili: ukipata fedha utapona, au zidisha sala. Kwa maoni yangu, majibu yote mawili yana upungufu.

Mkoa wa Mara una mfano wake. Mwalimu Julius Nyerere, aliyezaliwa Butiama mwaka 1922 na kubatizwa mwaka 1943, aliongoza nchi kwa zaidi ya miaka 20 bila kujilimbikizia mali. Azimio la Arusha la mwaka 1967 lilimkataza kiongozi kuwa na hisa katika kampuni, mishahara miwili au nyumba ya kupangisha. Alipong'atuka urais mwaka 1985 alirejea kijijini kwake kulima.

Hata hivyo, tusimsome nusu nusu. Aliyeridhika na kidogo hakuusifu umaskini. Aliuhesabu pamoja na ujinga na maradhi kuwa maadui wa taifa. Tena alipougua saratani ya damu, imani yake haikumzuia kutibiwa. Alifariki dunia akiwa hospitalini London tarehe 14 Oktoba 1999. Basi kuridhika si kusifu ufukara, wala kuamini si kuacha dawa.

Ndugu mhudumu wa afya, huzuni inayodumu kwa majuma mawili au zaidi, ikiandamana na kukosa usingizi, hamu ya kula au matumaini, yaweza kuwa sonona. Huo ni ugonjwa, si upungufu wa imani wala wa mali. Mpime mgonjwa na umtibu. Lakini muulize pia ni nini kinachomtia nguvu. Akikutajia Mungu, msikilize kwa heshima, bila kumdhihaki na bila kumhubiria.

Nawe ndugu mgonjwa, sali kadiri ya imani yako, na vidonge vyako uvimeze kwa saa yake. Anayekuambia uchague kimoja, awe amevaa joho la ibada au koti jeupe, hakutakii afya kamili. Mali hununua kitanda. Usingizi hutoka kwingine, na tiba ni mojawapo ya njia za kuufikia.